Ndoa haikumtwisha deni, ubia ndio uliomtwisha

Ndugu Mhariri,

Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Bartenwerfer dhidi ya Buckley, Februari 22, 2023, kuna kauli inayorudiwa mara kwa mara: kwamba nchini humo mke sasa hubebeshwa deni la udanganyifu wa mumewe kwa kuwa tu ni mke wake. Kauli hiyo si sahihi, na anayeiamini huishia kupoteza fedha. Atakimbilia talaka, au atahamisha mali kutoka jina moja kwenda jingine, ilhali kilichomponza mwanamke wa kesi ile hakikuwa cheti cha ndoa. Kilichomponza ni ubia wa biashara ambao mahakama ilimkuta ndani yake, pamoja na hukumu ya mahakama ya jimbo iliyokwisha kumfanya mdaiwa kabla hajaomba kufilisiwa. Naomba nafasi katika safu yako nieleze tofauti hiyo, kwa faida ya wasomaji wanaoishi Marekani na wale wenye ndugu huko.

Mwaka 2005 wapenzi wawili, ambao baadaye walioana, walinunua nyumba San Francisco kwa majina yao wote. Nia ilikuwa kuikarabati na kuiuza kwa faida. Mwanamume ndiye aliyeshika usukani: aliajiri msanifu majengo, mhandisi na mkandarasi, akasimamia kazi, akapitia ankara na kutia sahihi hundi. Mwanamke hakujihusisha kwa kiasi kikubwa. Walipouza, wote wawili walithibitisha kwamba wamemweleza mnunuzi kila jambo la maana kuhusu nyumba. Mnunuzi akaja kukuta paa linavuja, madirisha ni mabovu, ngazi ya kutorokea moto haipo, na vibali vya ujenzi vina kasoro. Alishitaki katika mahakama ya California, na juri likampa fidia ya zaidi ya dola 200,000 kwa uvunjaji wa mkataba, uzembe na kutotoboa mambo muhimu. Deni hilo likawa la mume na mke kwa pamoja.

Hawakuweza kulipa. Wakaomba kufilisiwa chini ya Sura ya 7 ya Sheria ya Ufilisi, ile inayomfutia mtu binafsi sehemu kubwa ya madeni yake. Mnunuzi akapinga kwa kutumia kifungu cha 523(a)(2)(A), kinachozuia kufutwa kwa deni la fedha zilizopatikana kwa hila, maelezo ya uongo au udanganyifu halisi. Mahakama ya ufilisi iliona kwamba mume alificha kasoro kwa kujua. Kuhusu mke, majibu yalipanda na kushuka: kwanza aliunganishwa na mumewe kwa sababu ya ubia, kisha jopo la rufaa la ufilisi likasema lazima ithibitishwe kwamba alijua au alipaswa kujua, shauri likarudishwa, akaonekana hakujua, akafutiwa deni. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ikabatilisha. Mahakama ya Juu ikaunga mkono ubatilisho huo, majaji wote tisa kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Amy Coney Barrett.

Hoja yao ilisimama kwenye muundo wa kifungu. Kinazungumzia fedha “zilizopatikana” kwa udanganyifu, bila kumtaja aliyedanganya. Vifungu viwili vinavyofuata, (B) na (C), vinamtaja mdeni na matendo yake. Bunge likitaka kumtaja, linajua namna ya kumtaja. Tena historia iliwasaidia majaji. Sheria ya 1867 ilisema udanganyifu “wa mfilisiwa” mwenyewe, na hata hivyo, mwaka 1885, katika Strang dhidi ya Bradner, mahakama hiyohiyo iliwabana wabia wasio na hatia kwa ulaghai wa mwenzao. Bunge lilipoandika sheria mpya mwaka 1898 liliyaondoa maneno hayo. Ni vigumu kudai kwamba lilikuwa likiwalinda wabia hao kwa kuifuta ngao pekee waliyokuwa nayo kwenye karatasi.

Sasa tufike kwenye kiini. Hukumu ile haimtengenezei mtu deni. Inasema tu kwamba deni likishakuwepo kwa mujibu wa sheria ya jimbo, na likiwa limetokana na udanganyifu, sheria ya ufilisi inalipokea lilivyo. Jaji Sonia Sotomayor, akiungwa mkono na Jaji Ketanji Brown Jackson, aliandika maoni ya ziada kuweka mpaka huo wazi: kesi iliwahusu watu wenye uhusiano wa uwakala na ubia, na mahakama haikuwa ikiamua habari za mtu asiye na uhusiano wa namna hiyo na mdanganyifu. Kwa hiyo swali la kwanza la mke, au la mume maana hali ni ileile, si “Je, nilijua?” Ni “Je, sheria ya jimbo inanifanya mdaiwa, na kwa njia ipi?”

Njia ya kwanza ni ubia, nao huingia kimyakimya. Sheria ya California, kama ya majimbo mengi, inasema watu wawili au zaidi wakiendesha biashara ya faida kama wamiliki wenza, wameunda ubia, wawe walikusudia au hawakukusudia. Hakuna cheti kinachohitajika. Mbia mmoja akimdanganya mteja katika shughuli za kawaida za ubia, wabia wote wanadaiwa, na mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao kwa deni zima. Lakini sheria hiyohiyo inasema umiliki wa pamoja peke yake hauundi ubia, hata kama wenye mali wanagawana faida inayotokana nayo. Hapo ndipo ngome ya mwenzi asiyejua ilipo, na ajabu ni kwamba wengi hawaitumii mapema. Nyumba ambayo familia imeishi miaka kumi, ikauzwa kwa sababu watoto wamekua, iko mbali na biashara. Nyumba iliyonunuliwa ikiwa chakavu, ikakarabatiwa na kurudishwa sokoni, ni biashara kwa kila kipimo. Mahakama itatazama nia wakati wa kununua, mtaji ulitoka kwa nani, faida iligawanywaje, akaunti iliyolipa mafundi ilikuwa ya nani, na ritani ya kodi iliitaja shughuli hiyo kwa jina gani. Mke aliyeandikwa kwenye ritani kama mshiriki wa biashara ya kuuza nyumba atapata shida kusema baadaye kwamba alikuwa mmiliki wa jina tu.

Njia ya pili ni sahihi yako mwenyewe. California humtaka muuzaji wa jengo la makazi lenye nyumba moja hadi nne, isipokuwa kwa misamaha michache, kujaza tamko la hali ya nyumba. Kila muuzaji hutia sahihi. Fomu inauliza kuhusu paa, kuta, madirisha, maji yanayotuama, na kama kuna kilichoongezwa au kubadilishwa bila vibali. Kuandika kwenye mkataba kwamba nyumba inauzwa “kama ilivyo” hakumwondolei muuzaji wajibu wa kusema anachokijua. Hapa ndipo mambo huharibikia, na kwa kawaida hayaharibiki kwa uongo mkubwa. Mume anajaza fomu jioni, anaweka alama ya “hapana” mstari hadi mstari, mke anatia sahihi ukurasa wa mwisho kwa sababu dalali anasubiri. Miezi kadhaa baadaye wakili wa mnunuzi anaomba ankara za mkandarasi. Ankara moja ina mstari unaosema “kuziba uvujaji, kona ya kaskazini”, nyingine ya wiki nane baadaye ina mstari uleule, kisha inafuata ya kupaka rangi dari. Basi! Karatasi hizo tatu zikiwekwa kando ya lile “hapana” hazihitaji shahidi wa kuzifafanua.

Kwa hiyo mwenzi ambaye hakusimamia kazi asitie sahihi kabla hajaona vitu vinne: ripoti ya ukaguzi wa wakati wa kununua, ankara zote za mafundi, orodha ya vibali kutoka idara ya majengo ya mji, na madai yoyote yaliyopelekwa kwa kampuni ya bima. Aisome fomu mstari kwa mstari akiwa na karatasi hizo mkononi. Kibali kilichofunguliwa lakini hakikufungwa kwa ukaguzi wa mwisho ni kasoro ya kutajwa, hata kama kazi yenyewe ni nzuri. Asilolijua aandike kwamba halijui, wala asilijibu “hapana”. Na kila kasoro iliyorekebishwa itajwe pamoja na marekebisho yake; mnunuzi anayejua kwamba paa liliwahi kuvuja likatengenezwa hana msingi wa kudai kwamba alifichwa uvujaji huo. Kutoboa kunaweza kupunguza bei kidogo. Kulinganisha na fidia, gharama za wakili na riba, ni punguzo la bei rahisi mno.

Wanaofanya ukarabati wa nyumba kama biashara wafikirie kampuni yenye dhima yenye kikomo (LLC), imiliki nyumba na kuiuza kwa jina lake. Mwanachama, yaani mmiliki mwenza, wa kampuni ya namna hiyo kwa kawaida hadaiwi kwa kosa la mwanachama mwenzake kwa sababu tu ya uanachama. Lakini kampuni haimfichi mtu kwa kosa lake mwenyewe: aliyetia sahihi tamko akijua ni la uongo anabaki na mzigo wake. Pia haisaidii kitu ikiwa fedha za kampuni zinachanganywa na za nyumbani.

Upande wa kununua una hesabu yake tofauti kidogo. Mume akidanganya kipato chake kwa maandishi ili benki itoe mkopo wa nyumba, kifungu kinachotumika ni 523(a)(2)(B), kinachohusu maelezo ya maandishi juu ya hali ya kifedha. Hicho kinamtaka mdai aonyeshe kwamba mdeni ndiye aliyesababisha maelezo yatolewe, na kwa nia ya kudanganya. Mke ambaye kweli hakujua ana hoja nzito zaidi hapa kuliko chini ya (A). Lakini asijidanganye: kama naye ametia sahihi ombi la mkopo lenye takwimu zisizolingana kabisa na maisha yao, kutosoma kunaweza kuhesabiwa kuwa kutojali, na mahakama nyingi huiona hali hiyo kuwa dalili ya nia. Tena nje ya ufilisi, kutoa maelezo ya uongo kwa benki kwa kujua ni jinai ya shirikisho, adhabu yake ikifika miaka 30 jela na faini ya dola milioni moja.

Hati ya mashitaka ikishafika mlangoni, siku huanza kuhesabiwa. California humpa mshitakiwa siku 30 tangu kukabidhiwa hati kujibu. Asiyejibu hupigwa hukumu ya upande mmoja, na hapo habari ya kutojua haitasikilizwa na mtu. Kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote ni mume na mke kutumia wakili mmoja. Maslahi yao yanapingana. Utetezi bora wa mke ni kwamba aliyedanganya ni mume, na kwamba wao hawakuwa wabia. Wakili anayewatetea wote wawili hawezi kuisema sentensi hiyo kwa nguvu. Mke awe na wakili wake, akane ubia kwenye majibu yake ya kwanza, na aombe juri lijibu maswali mahususi kwa kila mshitakiwa peke yake: nani alijua, nani alitamka, kulikuwa na ubia au la. Yale ambayo juri limeyaamua waziwazi kwa kawaida hayafunguliwi upya katika ufilisi. Yaliyoachwa kwenye fumbo la “washitakiwa wanadaiwa” humwandama mke na kumwacha bila cha kushika.

Mapatano nayo yana mtego. Wengi hudhani wakikubaliana na mdai na kuandikiana hati ya ahadi, ulaghai umegeuka kuwa deni la kawaida la mkataba. Mahakama ya Juu ilikataa hilo mwaka 2003, katika Archer dhidi ya Warner. Huko pia walikuwa mume na mke, walioshitakiwa baada ya kuuza kampuni. Walipatana kwa dola 300,000, wakalipa 200,000, na 100,000 zikabaki kwenye hati ya ahadi. Mahakama ilisema deni la hati hiyo linaweza kubaki deni la udanganyifu. Kwa hiyo mke anayepatana asitafute jina jipya la deni. Atafute kuachiliwa yeye binafsi, kwa maandishi, na mashitaka dhidi yake yafutwe kwa namna isiyoruhusu kufunguliwa tena, hata kama itambidi alipe kiasi fulani taslimu ili kuupata uachiliwaji huo. Mdai mwenye busara mara nyingi hukubali, maana fedha mkononi leo zina uhakika kuliko hukumu ya miaka.

Na hukumu ya miaka hukua. Riba ya kisheria ya California kwa hukumu ya aina hii ni asilimia 10 kwa mwaka. Dola 200,000 huzaa dola 20,000 kila mwaka, karibu dola 55 kwa siku, hata ukilala. Hukumu hudumu miaka 10 na mdai anaweza kuifanya upya, riba iliyokusanyika ikiingizwa kwenye msingi. Tangu kesi ya Cohen dhidi ya de la Cruz ya 1998, kisichofutika si zile fedha zilizochukuliwa tu: fidia ya adhabu na ada za wakili zilizotokana na udanganyifu huohuo hufuata nyuma.

Mtu akifika kwenye ufilisi, kuna tarehe moja ambayo wadeni na wadai wengi huipuuza kwa hasara yao. Deni la udanganyifu halizuiliwi kufutwa lenyewe, bila mdai kuchukua hatua. Ni lazima mdai afungue shauri la kupinga ndani ya siku 60 kuanzia tarehe ya kwanza iliyopangwa kwa mkutano wa wadai, hata kama mkutano wenyewe umeahirishwa. Katika Sura ya 7 mkutano huo hupangwa kati ya siku ya 21 na ya 40 tangu ombi la ufilisi kufunguliwa. Siku 60 zikipita bila shauri wala ombi la kuongezewa muda, deni kwa kawaida linafutwa pamoja na mengine. Sharti ni mdai awe ameorodheshwa kwa jina na anwani sahihi. Mdeni anayemwacha nje makusudi, akitumaini hatajua, anajinyima ulinzi huo. Shauri likifunguliwa, majibu hutakiwa ndani ya siku 30 tangu hati ya wito kutolewa. Kukimbilia Sura ya 13, ya kulipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano, hakusaidii: deni hili limetengwa huko pia.

Usihamishe nyumba wala akaunti kwenda kwa mwenzi, mtoto au dada baada ya kushitakiwa. Uhamisho wa kuwakwepa wadai ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua ufilisi unaweza kumnyima mtu msamaha wa madeni yake yote, si hilo moja tu. Msimamizi wa ufilisi anaweza kuubatilisha uhamisho kwa kurudi nyuma miaka miwili kwa sheria ya shirikisho, na katika majimbo mengi miaka minne kwa sheria ya jimbo. Nimeeleza kwamba deni la udanganyifu ni baya. Kupoteza msamaha mzima ni kubaya zaidi.

Je, mwenzi ambaye hakutia sahihi wala hakuwa mbia yuko salama kabisa? Hapa ndoa inaingia, ila kwa mlango wa mali. Katika majimbo tisa ya mali ya pamoja, yaani Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin, mali iliyochumwa ndani ya ndoa inaweza kufikiwa kwa deni la mmoja, kwa masharti yanayotofautiana. California huruhusu mali ya pamoja ilipe deni la mwenzi yeyote, lakini mali binafsi ya asiye na deni kwa kawaida haiguswi. Kama deni ni la kabla ya ndoa, mshahara wa mwenzi asiyedaiwa huwa salama ukikaa kwenye akaunti yake peke yake, isiyoguswa na mdeni wala kuchanganywa na mali nyingine ya pamoja. Kwingineko, kama Florida, Maryland na Pennsylvania, nyumba inayomilikiwa na wanandoa kama kitu kimoja haiwezi kuchukuliwa kwa deni la mmoja wao. Ikiwa wote wawili wamehukumiwa, kinga hiyo huyeyuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotia sahihi kwa kufuata mkumbo.

Wapo wanaoiona hukumu ya Bartenwerfer kuwa ya kikatili. Mimi naona mnunuzi naye hakuwa na hatia, tena ndiye aliyebaki na paa linalovuja. Kati ya watu wawili wasiodanganya, mmoja alipata sehemu ya fedha za mauzo na mwingine alizitoa. Asiyeridhika na mgawanyo huo aliombe Bunge la Marekani liongeze neno “mdeni” kwenye kifungu (A), kama lilivyofanya kwenye jirani zake.

Wanandoa wakiachana huku deni likiwa bado lipo, amri ya talaka inayosema mume atalipa haimfungi mdai; yeye ataendelea kumdai mke. Lakini amri hiyo ina thamani kati ya wawili hao, kwa kuwa wajibu wa namna hiyo kwa mtalaka haufutwi na Sura ya 7. Unaweza kufutwa na Sura ya 13, kwa hiyo mke asiridhike na ahadi tupu. Adai dhamana juu ya sehemu ya mume katika nyumba au mali nyingine, na isajiliwe kabla amri haijatiwa sahihi.

Wako,
Msomaji, mfuatiliaji wa sheria za mikopo ya nyumba na ufilisi